Dafu la Jumamosi

Mara ya tatu alipotoka hospitali, Zebedayo alirudi nyumbani kwa miguu yake. Alitembea kutoka upande wa Raskazone mpaka mtaa wa Usagara, hapo Tanga, mkewe Kristina akiwa nyuma yake na furushi la nguo kichwani, na watu wa mtaa wakatoka milangoni kumpa pole na kuyasifu mashavu yake. Kweli yalikuwa yamejaa. Njia nzima hakukohoa hata mara moja. Mwanamkasi, bibi mwenye nyumba walimopanga vyumba viwili, aliacha kusuka ukili akamtazama juu mpaka chini.

"Lo! Huyu si mgonjwa tena, ni bwana harusi," alisema. "Kristina, mwanangu, mfungie ndani wasije wakakuibia."

Kristina alicheka. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na nne.

Alhamisi Zebedayo alirudi kazini kwenye bohari ya mkonge, ambako msimamizi alikuwa amemtoa kwenye vumbi akamweka mlangoni kuhesabu marobota. Jioni alikwenda mazoezi ya matarumbeta ya kanisa, akasikiliza tu bila kupuliza. Yeye alikuwa mpigaji wa besi, lile tarumbeta kubwa kupita yote, linalomzunguka mtu begani kama chatu. Wenzake waliliita Fahali. Lilikuwa la zamani kuliko mpigaji wake, limebonyea huku na huku, na pale lilipopasuka palikuwa pamezibwa kwa nta.

Kulinywesha Fahali ilikuwa kazi ya Kristina. Kila Jumamosi alasiri alinunua dafu sokoni, akalikata, akamimina maji yake taratibu kwenye shingo ya tarumbeta, kisha akaligeuzageuza mapajani kama mtu anayembembeleza mtoto, mpaka maji yamezunguka kote na kudondoka chini. Hakulisuuza. Noa, mwalimu wa matarumbeta, alikuwa amewafundisha wote kwamba maji ya bomba yana chumvi na yataila shaba, lakini dafu hulainisha koo la tarumbeta kama linavyolainisha koo la mtu, na sukari yake ikiganda huziba matundu madogo yanayovujisha pumzi. Wapigaji walijua kwamba matarumbeta yao yananuka tembo la mnazi la jana. Walitaniana kwamba Mlutheri akitaka kulewa bila kutenda dhambi, na anuse besi.

Jumamosi hiyo Kristina alichagua dafu kubwa, kwa kuwa Fahali lilikuwa limekaa wiki tatu bila kinywaji. Jumapili Zebedayo alipiga ibada nzima, na baada ya ibada akapiga tena harusini. Jua lilipokuwa linashuka alirudi nyumbani, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni, akaanza kutetemeka.

Kristina alimvua viatu. Alimfunika blanketi, kisha la pili. Kikohozi kilikuja kikavu, kifupi kifupi, na kati ya kikohozi na kikohozi alivuta hewa kama mtu anayenyonya mwanzi ulioziba.

Mama Luka alikuwa amesimama mlangoni. Huyu alikuwa mama mzazi wa Zebedayo, mama wa Kisambaa mwenye mifupa mipana, aliyeshuka kutoka milimani mwanawe alipougua mara ya kwanza na asirudi tena.

"Ametoka hospitali siku ngapi leo?" aliuliza.

"Nne, mama."

"Na kule alikaa ngapi?"

"Kumi na nane."

"Alikohoa?"

"Siku mbili za mwanzo tu. Baadaye hakukohoa."

Mama Luka aliinamisha kichwa. "Mara ya kwanza hivyo hivyo," alisema polepole. "Mara ya pili hivyo hivyo. Kwa watu baki mwanangu anapona. Anakuja hapa, anaumwa." Aliitazama mikono ya Kristina iliyokuwa inalainisha blanketi. Aliitazama kwa muda mrefu.

Asubuhi Kristina alikuta sufuria imekwisha kuinjikwa. Mama Luka alikuwa amewasha moto mapema kuliko wote, uji umechemka, na kikombe cha Zebedayo kimesuguliwa kwa majivu mpaka kimeng'aa.

"Nipe nimpelekee, mama," Kristina alisema.

"Wewe pumzika."

"Sijachoka."

"Nimesema pumzika, Mama Anjela. Tangu leo chakula cha mwanangu nitapika mimi. Maji yake nitateka mimi. Na shuka zake, usizifue."

Kristina aliingia chumbani kumtazama mumewe. Zebedayo alikuwa amesikia kila neno, kwa maana ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Alikuwa amelalia ubavu, akitazama ukutani.

"Baba Anjela," aliita.

"Mwache kwanza," alisema bila kugeuka. "Mwache mama apike. Ni siku mbili tatu."

Kristina alisimama pale kidogo. Alingoja moyo wake uume, lakini haukuuma. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, mtu anaugusa na hausikii. Alitoka akachukua ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jumanne walimrudisha hospitali. Dresa wa wodi ile, msaidizi wa daktari, alikuwa Idarusi, mtu wa Tanga mjini, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mgonjwa huyu alimjua sasa kama ndugu. Aliwaeleza pale barazani kwamba makohozi yamepimwa mara tatu na hayana kifua kikuu. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yenye mawingu, na mawingu hayo huja na kuondoka.

"Kama si kifua kikuu, ni nini?" Mama Luka aliuliza.

"Hatujajua bado, mama."

"Hamjajua." Mama Luka alijifunga khanga upya. "Basi kuna wanaojua."

Alipogeuka alimwambia Kristina, mbele ya Idarusi na wagonjwa waliokuwa wanaota jua, asikanyage tena wodini. Kristina aliitikia "ndiyo, mama" na kuondoka. Alipofika kwenye geti alisikia hatua nyuma yake. Idarusi alikuwa amemfuata na kikombe cha maji.

"Kunywa," alisema. "Jua kali. Mimi nitakuwa nakuletea habari zake nikipita Usagara. Napita kila siku na baiskeli."

Naye alitimiza. Kila alasiri alipiga kengele ya baiskeli mbele ya nyumba, akasema, "Amekula," au, "Homa imeshuka," akaenda zake.

Habari huko mtaani ilitembea bila kuulizwa njia. Bombani wanawake walimpisha Kristina atangulie, wote kwa pamoja, na kwa upole sana, na ndoo zao wakazisogeza mbali zisigusane na ndoo yake. Heshima ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Siku ya pili Sabiha, binti wa Mwanamkasi, aliingia katikati yao na ndoo yake, akaibandika ubavuni pa ndoo ya Kristina mpaka zikagongana.

"Sogea huko, Mama Anjela, unaziba bomba na makalio yako," alisema kwa sauti kubwa.

Watu walicheka. Kristina alisogea. Alitaka kumshukuru, ila Sabiha hakungoja.

Mtoto mkubwa wa Kristina, Anjela, alikuwa na miaka saba, na mdogo, Beatrisi, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa na kusimama. Siku moja Kristina alimpa Anjela kipande cha muhogo. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akakishika, akamtazama bibi yake, kisha akakirudisha sahanini.

"Bibi amesema nisile," alisema.

"Basi usile, mwanangu."

"Una sumu?"

"Hauna."

Anjela aliutazama ule muhogo kwa tamaa. "Mama, ukienda kwa Mjomba Tadeo, Beatrisi utamwacha na nani?"

Hivyo ndivyo Kristina alivyojua kwamba shauri limekwisha kukatwa. Tadeo alikuwa kaka yake, mkata mkonge katika shamba la upande wa Mkwaja, anayelala katika chumba kimoja na wanaume watatu. Baba yao alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kutoka mbali, na alizikwa huko huko shambani. Hapakuwa na mji wa kurudi, wala mzee wa kumsemea. Na watoto, kwa desturi ya kwa mumewe, ni wa upande wa baba. Angetoka peke yake.

Alimuuliza Mama Luka jioni ile, kwa adabu, akiwa amepiga magoti kando ya jiko.

"Nimemwandikia Luka aje," Mama Luka alijibu. Luka alikuwa mwanawe wa kwanza, mkulima huko milimani, na ndiye aliyekaa mahali pa baba. "Atafika Ijumaa. Atakupeleka kwa ndugu yako kwa heshima, hutapelekwa kama mwizi. Sikuchukii, Kristina. Sisemi unafanya kwa kusudi. Kuna watu wana mkono mbaya na wenyewe hawajui."

"Na watoto, mama?"

"Watoto watapanda na mimi milimani."

"Beatrisi bado ananyonya."

"Mbuzi wapo," alisema Mama Luka. Lakini aliposema hivyo mkono wake ulikwenda ukamtoa Beatrisi jivu shavuni, na ulikaa pale shavuni zaidi ya kazi yake.

Luka alifika Ijumaa adhuhuri, mtu mzito, mwenye koti zito la milimani katika joto la Tanga. Kristina alimwamkia, akamwekea maji ya kunawa. Luka aliyatazama yale maji, akasema amekwisha kunawa.

"Umefunga vitu vyako?"

"Bado, shemeji."

"Vifunge leo. Kesho kuna basi la saa nane."

Alasiri hiyo, Mama Luka na Luka wakiwa wamekwenda hospitali, alikuja Noa mwalimu wa matarumbeta pamoja na wapigaji wawili. Noa alikuwa mzee mwenye maneno mengi ambaye leo hakuwa nayo. Alivua kofia.

"Mama Anjela, tumesikia, na hatukuja kuuliza. Tumewaza twende tukampigie Zebedayo nyimbo mbili wodini. Daktari ameruhusu. Tunataka tumchukulie Fahali wake, apige hata ubeti mmoja, roho yake ichangamke. Anaendelea vizuri, si ndiyo?"

"Idarusi anasema homa imekwisha."

"Basi ndiyo wakati wake."

Kristina alilikokota Fahali kutoka uvunguni mwa kitanda. Hapo akakumbuka kwamba Jumamosi iliyopita hapakuwa na mtu wa kulinywesha. Alimwomba Noa angoje. Alikwenda kwa Mwanamkasi akaomba dafu, akalimimina kwenye shingo ya tarumbeta, akaligeuzageuza mapajani. Kupika alikuwa amekatazwa, na kufua, na hata kumwona. Hili hakuna aliyekumbuka kumkataza. Alifanya polepole, mpaka tone la mwisho, na alipomaliza alilifuta mdomo kwa pindo la khanga yake.

"Mwambie nimemsalimu," alisema.

Mama Luka na Luka walirudi jua lilipokwisha kuzama. Mama Luka hakuwasha moto. Aliketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini.

"Zebedayo hajambo?" Kristina aliuliza.

Luka ndiye aliyejibu, kwa shida. "Amezidiwa. Waliimba, akapiga. Alipiga vizuri, wodi nzima ilikaa kitandani kusikiliza. Saa mbili tatu baadaye tetemeko likamshika, na kile kikohozi."

"Hospitalini?"

"Hospitalini."

Mama Luka aliinua macho akamtazama mkwewe. Haikuwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyefika mahali akakuta njia aliyoizoea haipo. Kwa siku kumi Kristina hakuwa amefika karibu na mgonjwa, hakumgusa, hakumpikia, na ugonjwa umemfuata huko huko.

"Mkono wa mtu hauna umbali," Luka alisema hatimaye, ila hakulisema kwa nguvu.

Kristina aliingia ndani, akafunga vitu vyake. Vilikuwa vichache: khanga tatu, gauni la kanisani, kitabu cha sala alichopewa na masista utotoni. Alizipanga nguo za Beatrisi upande mwingine, akazikunja moja moja. Hakulia. Alitamani mtu aje amfinye aone kama atasikia.

Jumamosi saa tano asubuhi walikuwa wameketi barazani: Luka kwenye kiti, Mama Luka kwenye mkeka, na Mwanamkasi ambaye hakualikwa lakini nyumba ni yake. Kristina alikuwa chini karibu na mlango, sanduku lake kando. Luka alikuwa anaeleza habari za basi pale kengele ya baiskeli ilipolia. Idarusi alishuka. Nyuma yake, kwa miguu, akitweta, alikuja Noa. Idarusi alikuwa na bakuli jeupe la hospitali lililofunikwa kitambaa.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Mgonjwa?"

"Amepata nafuu kidogo tangu alfajiri. Naomba dakika zenu chache." Aliweka bakuli katikati ya mkeka. "Jana mimi nilikuwa zamu. Mtu anaendelea vizuri siku tisa. Anapuliza tarumbeta, jioni anazidiwa. Nikajiuliza, leo kimebadilika kitu gani? Chakula ni kile kile, kitanda kile kile. Nikalichukua tarumbeta nikalipindua juu ya ndoo, nikapitisha kitambaa na waya ndani ya mabomba yake. Tazameni."

Alifunua. Ndani ya bakuli mlikuwa na kitu cheusi na cha kijani, laini, kama kamasi lililoshikana na manyoya. Harufu ilipanda, harufu ya tembo na ya nguo iliyosahauliwa majini. Mwanamkasi alijiziba pua.

"Audhubillahi! Nini hicho, panya?"

"Ukungu, bibi. Kama ule wa mkate uliolala. Umeota ndani kwa miaka, na ndani yake mna vijidudu usivyoviona kwa jicho. Mpigaji hapulizi tu. Kati ya pumzi na pumzi anavuta haraka haraka, mdomo bado uko pale, na anavivuta vyote mpaka mapafuni. Mapafu yanakataa, yanavimba. Akikaa mbali na tarumbeta, yanatulia. Akirudi kwake, tena. Daktari anasema kwao Ulaya wako wakulima wanaougua hivi hivi kwa kushika majani ya ng'ombe yaliyoota ukungu. Nao wakidharau, mwisho mapafu yanakauka kama ngozi, na hapo hakuna dawa."

Luka aliinama akalitazama bakuli. "Noa anapiga miaka ishirini. Mbona yeye mzima?"

"Miili haifanani, mzee. Kuna mtu anakula kamba mmoja anavimba uso, na mwenzake anamaliza sahani."

"Mimi huwa nakohoa asubuhi," Noa alisema kwa unyonge. "Nilidhani ni sigara."

"Wewe huvuti sigara, Mwalimu," Idarusi alisema.

"Ndiyo maana nilikuwa nashangaa."

Mwanamkasi alicheka kidogo, akaacha alipoona hakuna aliyemfuata.

"Kwa hiyo si mkono wa mtu," Luka alisema.

"Si mkono wa mtu."

"Na huo ukungu umeota kwa nini? Shaba haioti kitu."

Idarusi alimtazama Noa. Noa alianza kueleza habari za chumvi ya maji ya bomba, na sukari inayoziba matundu, akasita. "Ni dafu," alisema. "Tunayanywesha dafu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Na sukari ile… Daktari anasema ile sukari ndiyo chakula chake."

Hapo palikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kimemwokoa Kristina. Kila mtu pale barazani alikijua hivyo. Angeweza kukaa tu. Lakini kinywa chake kilifunguka chenyewe, kwa sauti ile ile aliyoizoea kuitikia "ndiyo, mama."

"Dafu nilikuwa natia mimi," alisema. "Kila Jumamosi, miaka minane. Na la jana nilitia mimi."

Idarusi alifumba macho. Mwanamkasi akanong'ona, "Ah, mwanangu, nani amekuuliza?"

Luka alijinyoosha kitini. Uso wake ulionyesha nafuu, kama mtu aliyekuwa amepotelewa na kitu akakipata. "Umesikia, mama? Amesema mwenyewe, mbele ya watu. Uchawi au ukungu, mkono ni ule ule. Basi ni saa nane."

Mama Luka alikuwa amelisogeza bakuli karibu, ameinama juu yake, na alikuwa akinusa. Alinusa mara ya kwanza, akakaa, akanusa tena.

"Nani alikufundisha kulinywesha?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwalimu Noa alisema dafu, mama. Lakini kuligeuza mapajani, na kutolisuuza, alinionyesha Zebedayo. Alisema ndivyo ilivyokuwa kwao."

"Ndivyo," Mama Luka alisema. "Kule milimani dafu hatuna. Tulitia maziwa."

"Mama," Luka alisema.

"Baba yako alipiga besi miaka kumi na moja. Kila Jumamosi nilitia maziwa, na nililigeuza hivi." Alionyesha kwa mikono mitupu, juu ya mapaja yake, na wote waliona ni namna ile ile. "Lilikuwa linanuka hivi hivi. Akakohoa miaka miwili, akaenda hospitali ya misheni, akapona, akarudi, akakohoa. Mwisho hakuweza kupanda ngazi ya kanisa. Tukamzika."

"Mama, baba alirogwa. Alirogwa na Shangazi Damari. Hilo kila mtu analijua. Wewe ndiye uliyetuambia."

"Mimi ndiye niliyewaambia," alisema Mama Luka.

Ndani ya nyumba Beatrisi alikuwa akigonga kifuniko cha sufuria sakafuni.

"Damari tulimtoa nyumbani mchana," Mama Luka aliendelea, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Alikuwa mjane, hana mtoto, anakaa kwa kaka yake. Yeye ndiye aliyekuwa anampikia mgonjwa mimi nikiwa shambani. Nikasema ni mkono wake. Alisema, 'Wifi, nimefanya nini?' Nikamwambia sikuchukii. Akashuka Handeni na mkungu wa ndizi niliompa, kama ni hisani."

Alifunika bakuli kwa kitambaa, akalisukuma kwa Idarusi taratibu. Kisha akanyanyuka, mkono mmoja ukutani.

"Luka. Lichukue hilo sanduku, ulirudishe ndani."

"Mama, tulikuwa tumekwisha…"

"Ulirudishe ndani mwenyewe. Usimtume mtu."

Luka alinyanyuka. Alilibeba sanduku lile jepesi kwa mikono miwili, akapita mbele ya Kristina, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba na Kristina ameketi karibu nao, ilimbidi aseme, "Niwie radhi, shemeji," ili apite. Hakuna aliyejua kama alimaanisha mguu tu.

Jioni walikwenda hospitali wote wawili, mkwe na mama mkwe, Kristina mbele. Idarusi aliwafungulia mlango wa wodi ingawa saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imepita, akawasogezea kiti na kigoda. Zebedayo alikuwa amelala chali, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Fahali wamempeleka wapi?" aliuliza.

"Mwalimu Noa amelichukua," Kristina alisema. "Wanayachemshia maji matarumbeta yote. Lako limepasuka walipolisugua. Halitengenezeki."

"Na mimi sitapiga tena."

"Hutapiga tena."

"Hata lingine? Jipya?"

"Idarusi anasema hata jipya."

Zebedayo aligeuza uso. Machozi yalimtoka, yakaingia sikioni, na Kristina akayafuta kwa kiganja, kwa mkono ule ule, na Mama Luka alitazama. Baada ya kitambo Zebedayo aliushika mkono wa mkewe akauweka kifuani pake.

"Nilisikia siku ile mama aliposema upumzike," alisema. "Nilisikia yote."

"Najua."

"Nilikuwa naogopa kufa. Mtu akiogopa kufa, anamwachilia mtu wake yeyote."

Kristina hakuwa na hasira ya kumpa wala msamaha wa kumpa. Vyote viwili vilikuwa mbali, upande wa pili wa kitu kinene. Lakini hakuuondoa mkono. Chini ya kiganja chake kifua kilipanda kwa shida na kushuka kwa shida.

Walirudi polepole, kwani Mama Luka alichoka haraka sasa. Karibu na soko alisimama, akajifanya anarekebisha kandambili.

"Kristina."

"Naam, mama."

"Huyo Damari sijui kama yu hai. Atakuwa mzee. Sikumbuki hata kijiji, nakumbuka tu walisema ni mbele ya Handeni, karibu na kisima cha misheni." Alivuta pumzi. "Luka nikimwambia atakataa. Na mimi mji huo siujui, watu wake siwajui, na nikifika sijui nitaanzaje kusema. Wewe ungejua. Wewe umesemwa."

Wauza samaki walikuwa wanakunja meza zao. Kristina alimtazama yule mama, khanga imemteleza begani, akaivuta akamfunika.

"Basi la Handeni," Mama Luka aliuliza, "linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, mama."

"Kesho ni Jumapili."

"Ndiyo."

"Basi keshokutwa," alisema Mama Luka. "Tumchukue na Beatrisi. Bado ananyonya."